Namna ya Kuelewa Nafasi ya Mungu wa Kike katika Madhehebu ya Kihindu

Msomaji wa Tabora anayetaka kujua Wahindu wanamwonaje Durga, Lakshmi au Kali huanza mara nyingi na swali lisilojibika: je, huyu ni Mungu, au ni mke wa mungu? Swali hilo halijibiki kwa sababu linachukulia kwamba Wahindu wote wana fundisho moja kuhusu jambo hili, ilhali jina lile lile la Lakshmi, likitamkwa na watu watatu wa madhehebu matatu, linaweza kumtaja Mungu asiye na mwisho, au nafsi tukufu kuliko nafsi zote lakini iliyo chini ya Mungu, au sura mojawapo ya Ukweli ambao wenyewe hauna sura. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuuliza vizuri zaidi, namna ya kusoma maandiko na sanamu, na mahali ambapo madhehebu hayo yanaachana. Nimeuandika nikiwafikiria walimu, wanafunzi na majirani wa mji huu, ambamo mazungumzo ya dini ni jambo la kila siku na ambamo jirani anastahili kuelezwa kama yeye mwenyewe anavyojieleza.

Jua kwanza unazungumza na nani

Hatua ya kwanza ni kutambua dhehebu la mtu unayemuuliza, au la kitabu unachokisoma. Hapa kwetu hatua hii inahitaji tahadhari ya kihistoria, kwa kuwa si kila mtu mwenye asili ya India ni Mhindu kwa dini. Musa Mzuri, mfanyabiashara kutoka Surat aliyekaa Kazeh, mahali pa Tabora ya leo, katika karne ya 19 na kuwapokea wasafiri wa Kizungu, alikuwa Mwislamu. Na miongoni mwa watu wa asili ya India waliotawanyika kando ya reli ya kati, iliyofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, walikuwemo Waislamu wa madhehebu mbalimbali na Singasinga pamoja na Wahindu.

Wahindu wengi wa Tanzania asili yao ni Gujarat, na jambo hilo lina uzito katika somo letu. Ukizungumza na Mhindu wa huku, kuna uwezekano mkubwa kwamba atakuwa mfuasi wa Swaminarayan (1781–1830), au wa njia ya Vallabha (1479–1531) inayomwabudu Krishna, au wa Arya Samaj, harakati iliyoanzishwa Bombay mwaka 1875, au mtu ambaye ukoo wake umemtumikia Amba Mata, yaani Mama Amba, mungu wa kike anayeabudiwa Gujarat, kwa vizazi vingi. Maelezo ya Mbengali au Mtamil yangekuwa mengine, na sehemu kubwa ya yale yanayoandikwa kuhusu Kali yanatoka Bengal. Kwa hiyo anayesoma habari za Kolkata kisha akamhoji jirani mwenye asili ya Gujarat asidhani kwamba jirani haijui dini yake pale majibu yasipolingana.

Maswali matatu, kwa mpangilio

Ukishalijua dhehebu, uliza kwanza: je, mungu huyu wa kike anategemea mwingine, au wote wanamtegemea yeye? Halafu uliza ana uhusiano gani na mungu wa kiume anayetajwa pamoja naye, iwapo yupo: je, wao ni kitu kimoja, au yeye ni nguvu ya yule, au ni mwenzi wake? Swali la tatu ndilo linalofichua mambo zaidi, nalo ni kuhusu moksha, yaani kufunguliwa kwa nafsi kutoka katika mzunguko wa kuzaliwa na kufa: je, anaitoa mwenyewe, anamwombea mja mbele ya yule anayeitoa, au hahusiki nayo kabisa? Dhehebu linaweza kumsifu mungu wa kike kwa majina elfu moja na bado lisimpe mamlaka hayo ya mwisho, ndiyo maana wingi wa sifa haupaswi kuchukuliwa kuwa ushahidi wa cheo.

Zoezi: kisome kisa kimoja mara mbili

Kabla ya kuingia katika madhehebu, ninapendekeza zoezi moja ambalo naamini linafundisha kuliko maelezo marefu. Chukua Devi Mahatmya, andiko la sura 13 lililomo ndani ya Markandeya Purana, ambalo wanazuoni wengi huliweka karibu na karne ya 5 au ya 6. Tafuta kisa cha Mahishasura, adui mwenye umbo la nyati aliyewashinda miungu na kuwafukuza mbinguni. Miungu walipokasirika, nuru ilitoka katika miili yao, ikaungana na kuwa mwanamke mmoja. Kila mungu akampa silaha, Shiva akampa mkuki wa ncha tatu, Vishnu akampa gurudumu la vita, na mlima Himalaya ukampa simba wa kumpanda. Yeye ndiye aliyemuua Mahishasura.

Anayekisoma kisa hicho peke yake atasema kwamba miungu walimtengeneza Durga, na kwa hiyo yuko chini yao. Sasa rudi nyuma kwenye sura ya kwanza, mahali ambapo mfalme Suratha anamuuliza mwenye hekima Medhas huyu Devi, yaani mungu wa kike, ni nani na alizaliwaje. Anajibiwa kwamba Devi ni wa milele na ulimwengu wote ni umbo lake. Anapojidhihirisha ili kuitimiza kazi ya miungu, watu husema amezaliwa, ingawa hana mwanzo. Katika sura hiyo hiyo Vishnu amelala, naye hawezi kuamka na kupigana mpaka Devi, ambaye ndiye usingizi wake, amtoke. Kisha nenda kwenye sura ya 10: Shumbha, adui mwingine wa miungu, anamlaumu Devi kwamba anajivuna huku akitegemea nguvu za wengine, naye anajibu kwamba yuko peke yake ulimwenguni, na hapo miungu wote wa kike waliokuwa wakipigana upande wake wanaingia ndani yake.

Ukikisoma tena kisa cha nyati kwa kuongozwa na sehemu hizo mbili, maana inageuka: ile nuru ilikuwa yake tangu mwanzo, na miungu walikuwa wameishika tu. Mshakta, yaani anayemwabudu Devi kama Aliye Mkuu, husoma hivyo. Mvaishnava, yaani anayemwabudu Vishnu kama Aliye Mkuu, naye ana njia ya kulieleza andiko hilo bila kulikana, kwa sababu anaweza kusema kwamba usingizi wa Vishnu ni nguvu ya Vishnu mwenyewe, na nguvu haiwezi kumzidi mwenye nguvu. Maneno ya andiko ni yale yale. Kinachotofautiana ni mahali ambapo kila msomaji anaweka uzito.

Kwa Washakta yeye ndiye chanzo

Mapokeo ya Kishakta ndiyo yanayompa Devi cheo cha juu bila masharti. Devi Bhagavata Purana inasimulia jinsi Brahma, Vishnu na Shiva walivyopelekwa kwenye makao ya Devi na kugeuzwa kuwa wanawake kabla ya kumwona ameketi katika utukufu wake. Katika ibada ya Lalita Tripura Sundari, sura mojawapo ya Devi, picha ya kiti chake inasema jambo hilo hilo kwa ukali zaidi: Brahma, Vishnu, Rudra na Ishvara ni miguu minne ya kiti, na Sadashiva ndiye ubao anaoukalia. Saundarya Lahari, utenzi ambao mapokeo huuhusisha na Shankara, unafungua kwa kusema kwamba Shiva akiungana na Shakti, yaani Devi kama nguvu, anaweza kuumba, na bila yeye hawezi hata kutikisika.

Ndani ya Ushakta wenyewe mna tofauti zinazostahili kuzingatiwa. Jamii ya Sri, yenye nguvu hasa Kusini mwa India, humwona Devi katika uzuri, upole na enzi. Jamii ya Kali, yenye nguvu Bengal na Assam, humwona katika sura ya kutisha, amevaa shada la vichwa, amesimama juu ya mwili wa Shiva. Msomaji anayeiona picha ya Kali kwa mara ya kwanza hufikiri haraka kuhusu uchawi au majini, na ningemsihi azuie hukumu hiyo. Ramakrishna (1836–1886), aliyekuwa kuhani katika hekalu la Dakshineswar karibu na Kolkata, alimwita Kali mama kwa mapenzi ya mtoto, akafundisha kwamba Kali na Brahman, yaani Ukweli wa mwisho, ni kitu kimoja, kama moto na uwezo wake wa kuunguza. Yule anayetisha ndiye anayekomboa, kwa kuwa anachokikata ni ubinafsi wa mja.

Washaiva

Hapa naweza kupita kwa haraka zaidi, kwa kuwa Washaiva, wanaomwabudu Shiva kama Aliye Mkuu, wanakubaliana katika jambo la msingi: Shakti hatenganishwi na Shiva. Wanaachana katika namna ya kulieleza. Katika shule ya Kashmir, ambayo mwanazuoni wake mkubwa ni Abhinavagupta wa karne ya 10 na ya 11, Shakti ndiye fahamu na mwendo wa Shiva, na andiko la Vijnana Bhairava linamwita mlango wa kumfikia Shiva. Hakuna afikaye bila kupitia kwake. Katika Shaiva Siddhanta ya Watamil, Shakti ni neema na utendaji wa Shiva, naye hahesabiwi kuwa wa pili kando yake, lakini Bwana anayeabudiwa ni Shiva. Sanamu ya Ardhanarishvara, ambayo upande mmoja ni mwanamume na upande wa pili ni mwanamke, hutumika katika mapokeo mengi, na kila upande wa mjadala huiona kuwa ushahidi wake.

Wavaishnava hawana jibu moja

Ningependa msomaji akae hapa kwa muda mrefu kuliko kwingine, kwa sababu vitabu vya utangulizi husema tu kwamba Lakshmi ni mke wa Vishnu na mungu wa mali, kisha huendelea na mengine. Sentensi hiyo inaficha mojawapo ya mijadala mizito kuliko yote katika teolojia ya Kihindu.

Wafuasi wa mwalimu Ramanuja, wanaoitwa Sri Vaishnava, humwona Lakshmi akikaa daima kifuani pa Vishnu, na wote wanakubali kwamba humwombea mja aliyekosa. Baadaye waligawanyika kuwa Vadakalai na Tenkalai, na nafasi ya Lakshmi ni miongoni mwa mambo yaliyowatenganisha. Vadakalai, wanaomfuata Vedanta Desika (1268–1369 kwa hesabu ya mapokeo), wanasema Lakshmi hana mipaka kama Vishnu asivyo na mipaka, na kwamba wawili hao kwa pamoja ndio njia ya moksha na ndio mwisho wake. Tenkalai, wanaomfuata Pillai Lokacharya, wanasema Lakshmi ni nafsi, ingawa ni nafsi iliyo juu ya zote na isiyowahi kufungwa. Kazi yake ni kumsihi Bwana amkubali mja, lakini anayeokoa ni Bwana peke yake. Hoja yao ni kwamba tukiweka waokozi wawili, umoja wa Mungu unavunjika. Wenzao hujibu kwamba waliounganishwa na maandiko wasitenganishwe na wanazuoni. Mimi naona hoja zote mbili zina heshima, na mtu anayezisoma kwa makini hataweza tena kusema kwamba Wahindu hawajali swali la umoja wa Mungu.

Kwa Madhva wa karne ya 13, mwalimu wa Dvaita, fundisho kwamba Mungu na nafsi ni vitu viwili tofauti, mpangilio uko wazi: Vishnu peke yake hategemei kitu chochote. Lakshmi yuko pamoja naye mahali pote na nyakati zote, hajawahi kuonja utumwa wa dunia, na anazizidi nafsi nyingine zote; hata hivyo anamtegemea Vishnu na hafikii ukamilifu wa sifa zake.

Wafuasi wa Chaitanya (1486–1534) wa Bengal wanamtazama Radha, mpenzi wa Krishna, badala ya Lakshmi. Kwao Radha ni nguvu ya furaha ya Krishna, na wawili hao ni mmoja aliyejigawa ili upendo uwepo. Durga anawekwa mahali pengine kabisa: ni nguvu ya nje, msimamizi wa ulimwengu huu wa maada, na mtumishi wa mapenzi ya Krishna. Hapa ndipo tofauti inapoonekana kwa ukubwa wake, kwa kuwa Durga ambaye kwa Mshakta ndiye Aliye Mkuu, kwa hawa ni mlinzi wa mahali ambapo nafsi inatakiwa kutoka. Na kuna wanaokwenda upande wa pili: Radhavallabha, dhehebu lililoanzishwa na Hit Harivansh katika karne ya 16, linamweka Radha juu ya Krishna mwenyewe.

Kwa upande wa Gujarat, njia ya Vallabha inamheshimu mto Yamuna kama mungu wa kike anayemtayarisha mja kwa upendo wa Krishna. Swaminarayan, katika Shikshapatri ya mwaka 1826, anaeleza kwamba Krishna akiwa na Radha huitwa Radha-Krishna na akiwa na Lakshmi huitwa Lakshmi-Narayan, na anawataka wafuasi wamheshimu pia Parvati, mke wa Shiva, miongoni mwa miungu watano. Wanayemwabudu kama Aliye Mkuu, hata hivyo, si Parvati.

Smarta, Arya Samaj na mungu wa ukoo

Wasmarta, wanaofuata Advaita, fundisho kwamba Ukweli wa mwisho ni mmoja tu, humweka Devi katika ibada ya miungu watano: Vishnu, Shiva, Devi, Surya na Ganesha. Mwenye nyumba huchagua mmoja kuwa wa katikati na wengine wanne humzunguka, kwa imani kwamba wote ni sura za Brahman mmoja asiye na sura. Kwa hiyo Devi anaweza kuwa mkuu kabisa katika nyumba moja na wa pembeni katika nyumba ya jirani, bila mtu yeyote kuona ugomvi. Arya Samaj hukataa sanamu, na Dayananda Sarasvati (1824–1883), mwanzilishi wake, aliyafasiri majina kama Sarasvati na Lakshmi kuwa majina ya Mungu mmoja asiye na umbo. Ukimuuliza mfuasi wake kuhusu cheo cha Lakshmi, usitarajie akuelezee mtu wa pili.

Zaidi ya mafundisho haya yote kuna mungu wa kike wa ukoo, anayeitwa kuldevi. Familia nyingi za Kigujarati ni Wavaishnava kwa dhehebu lakini humkumbuka kuldevi wao wakati wa harusi au mtoto anapozaliwa. Huyu si lazima aingizwe katika ngazi yoyote ya wanazuoni. Yeye ni mlinzi, na deni la ukoo kwake ni la shukrani. Ndivyo ilivyo pia kwa Mariamman wa Watamil na Shitala wa kaskazini, waliohusishwa na ndui na homa. Usimlazimishe mtu achague kati ya kuldevi na Krishna, kwa sababu hao wawili wanajibu mahitaji tofauti.

Kusoma sanamu bila kupotoka

Ukipata nafasi ya kuingia hekaluni, iwe kwenye mtaa wa Kisutu jijini Dar es Salaam au katika hekalu la Shiv Shakti la Hurumzi, Zanzibar, vua viatu, omba ruhusa kabla ya kupiga picha, kisha angalia mungu wa kike amewekwa wapi. Akiwa peke yake katikati, mara nyingi anaabudiwa kwa haki yake mwenyewe. Akiwa kando ya mwenzi wake kwa kimo kinachokaribiana, unatazama wanandoa wanaoabudiwa pamoja. Akiwa mdogo, miguuni pa Vishnu aliyelala, utumishi wake ndio unaosisitizwa.

Kanuni hiyo inasaidia, lakini ina mipaka, na mifano miwili inaonyesha mipaka hiyo vizuri. Katika hekalu la Radhavallabha huko Vrindavan, Radha hana sanamu. Kando ya Krishna kuna kiti chake tu, na bado yeye ndiye wa juu. Katika hekalu la Ambaji, Gujarat, kinachoabudiwa ni yantra, mchoro mtakatifu, na mahujaji hawakuti sanamu ya Amba. Jicho peke yake lingekosea mahali pote pawili, kwa hiyo thibitisha kwa kuuliza.

Kuhusu ulinganisho na dini zetu

Mkatoliki wa Tabora akisikia habari za Lakshmi anayeombea wakosefu atamkumbuka Bikira Maria. Ulinganisho huo unakaribia mafundisho ya Tenkalai katika suala la uombezi, ila Lakshmi wao hakuzaliwa katika historia na hajawahi kuwa mja wa kawaida. Kwa Vadakalai ulinganisho huo unavunjika kabisa, na kwa Washakta hauanzi hata kidogo. Mwislamu naye atauliza kuhusu shirki, na ana haki ya kuuliza kwa mujibu wa imani yake. Ninachomwomba ni kwamba aeleze kwanza kile ambacho dhehebu husika linasema juu ya umoja, kisha atoe hukumu yake kama hukumu yake. Jambo lingine la kuepuka ni kuruka kutoka cheo cha Devi hadi hali ya wanawake katika jamii, kwani hayo ni masomo mawili na kila moja lina ushahidi wake.

Wakati mzuri wa kuuliza

Usiku tisa wa Navaratri, ambao kwa kawaida huangukia Septemba au Oktoba, ndio wakati unaofaa zaidi, kwa kuwa Wagujarati hucheza garba kwa kuizunguka taa au picha ya Amba. Ngoma hiyo iliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi usioshikika mwaka 2023, miaka miwili baada ya Durga Puja ya Kolkata. Diwali nayo inafundisha jambo la pekee. Wakati wa sikukuu hiyo wafanyabiashara wa Kigujarati humwabudu Lakshmi na kuvibariki vitabu vyao vya hesabu, na katika usiku ule ule wa giza, usio na mwezi, ambao kwingine India ni wa Lakshmi, Wabengali humwabudu Kali.

Unapokwenda kuuliza, usiwaache akina mama na bibi wa nyumba, kwa kuwa wao mara nyingi ndio wanaoshika funga na nadhiri za Mata na wanaojua kuldevi anatakiwa kupewa nini na lini. Waamkie shikamoo kama unavyomwamkia mzee yeyote wa Tabora, eleza unachokitafuta, na usianze na swali la cheo. Anza na funga inafanyikaje na inafanyika kwa ajili ya nani. Ukiandika majibu, taja dhehebu katika kila sentensi: andika kwamba Tenkalai wanafundisha hivi, au kwamba familia hii ya njia ya Vallabha ilieleza vile, na uepuke kuandika kwamba Wahindu wote wanaamini hivyo. Ikiwa watu wawili wa nyumba moja wamekujibu tofauti, andika majibu yote mawili, kila moja na mwenyewe.